Siku Peugeot Yetu Ilipofika Mwezini

Mita ya Peugeot 504 yetu ilikuwa na tarakimu tano tu. Ikishafika 99999 hurudi sufuri zote, na mtu asiyelijua gari akichungulia dashibodi anaweza kudhani limetoka dukani juzi. Baba hakupenda mita imdanganye mtu. Alikuwa na daftari la jalada jeusi ndani ya kidroo cha mbele, na kila mita ilipozunguka aliandika kwa wino mwekundu: tarehe, mahali, na laki ya ngapi. Laki ya kwanza ilimalizikia Kilifi, akiteremka kwenye feri, kabla daraja halijafunguliwa 1991. Kurasa nyingine zote zilikuwa za mafuta ya injini, plagi, fani belti na springi za nyuma, maana Baba hakuweza kulala akijua kuna kitu kinagonga chini ya gari lake.

Lilikuwa lile 504 la nyuma ndefu, lenye safu tatu za viti na gia kwenye usukani, rangi ya maziwa. Alilinunua 1983 likiwa limeshatumika. Pesa zake hazikutosha. Mama akavua bangili za dhahabu alizopewa siku ya harusi yake, zikaenda kwa sonara, na gari likaja nyumbani Shela. Mama mwenyewe sikumsikia akilitaja jambo hilo hata siku moja. Baba ndiye aliyelisema, na alilisema mbele ya kila mgeni aliyesifu gari: "Hili ni mikono ya mke wangu." Akimaliza hapo huingia kwenye Safari Rally, jinsi 504 ilivyoshinda 1975 na tena 1978, kwenye barabara ambazo magari mengine yaliachwa vipande vipande.

Nani Malindi hakulipanda gari lile? Limepeleka maharusi, limepeleka wagonjwa Mombasa usiku wa manane, limepeleka magunia ya maembe sokoni. Viti vya nyuma vilikunjwa likabeba jeneza la Babu hadi Mambrui. Mvua za El Niño za 1997 zilipojaa barabarani, Baba alifunika delko kwa mfuko wa nailoni akapita pole pole, na watu aliowapakia wakafika makwao. Mimi naamini mpaka leo kwamba gari hutunzwa ili lipatikane siku ya shida ya mtu, na imani hiyo nimeitoa kwa Baba.

Agosti 2001 shule zilikuwa zimefungwa. Kaka yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alijilaza mkekani akilipekua lile daftari, kitabu chake cha jiografia kikiwa wazi kando yake. Akajumlisha, akajumlisha tena, kisha akaita: "Baba! Gari letu limekaribia mwezini."

Umbali wa wastani kutoka duniani hadi mwezini ni kilomita 384,400. Gari lilikuwa limeshamaliza laki tatu, na mita ilikuwa ikikaribia 84400. Baba alivaa miwani akaikagua hesabu mstari kwa mstari. Kaka akamweleza kwamba njia ya mwezi si duara kamili: ukikaribia huwa kama kilomita 363,000 kutoka kwetu, ukienda mbali hupita 400,000.

"Kwa hiyo ule wa karibu tumeshaupita," Baba akasema, na nikaona amesikitika kwamba siku hiyo imempita bila kuandikwa.

"Naam. Lakini wastani ndio unaohesabiwa."

"Basi wastani hautatupita. Tutaumalizia Ngomeni."

Hakuna aliyeuliza kwa nini Ngomeni. Ami, ndugu yake Baba, alikuwa ameendesha boti huko miaka mingi, akiwavusha wafanyakazi kwenda kwenye majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini. Kutoka jukwaa la San Marco ndiko roketi zilikorushwa, kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, kiliruka kutoka pale chombo cha kwanza duniani kilichotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nacho kikaitwa Uhuru. Ami alituhadithia kishindo chake tangu tukiwa wadogo. Roketi zile zilikuwa nyembamba, kazi yake ilikuwa kupeleka setilaiti zizunguke dunia, na mwezini hazikwenda. Hata hivyo pwani yetu yote haina mahali pengine ambapo kitu kimewahi kuondoka kwenda juu, na Baba alitaka hesabu yake ifungwe hapo.

Tulitoka Jumapili baada ya chai, mita ikisoma 84366. Mama alikaa mbele kwa sababu macho ya Baba yalikuwa hayaoni vizuri tarakimu za karibu. Tukavuka daraja la Sabaki, maji yakiwa mekundu kwa udongo wa bara. Tukapita Mambrui, Baba akapunguza mwendo tukamsomea Babu Fatiha. Gongoni tukaacha lami na kushika njia ya mchanga kati ya mashamba ya chumvi, weupe unaumiza macho. Ilipofika 84390 Baba alituamuru tunyamaze, akazima redio. Hata mdogo wetu wa mwisho, ambaye hakujua mwezi uko mbali kiasi gani, alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Tukafika ufukweni Ngomeni, Ami anatungoja chini ya mnazi, mita ikisoma 84398. Mbele yetu Ghuba ya Ungwana, na kule ndani ya maji majukwaa yamesimama kwa miguu yake ya chuma. Zilibaki kilomita mbili.

"Panda," Baba akamwambia Ami.

Tukageuza, tukarudi njia ya mashamba ya chumvi, kisha tukageuza tena kuelekea baharini kwa gia ya kwanza. Watoto wa kijiji walikuwa wameshaelezwa na kaka, wakakimbia ubavuni wakipiga kelele. Mama aliinama hadi paji la uso lake likakaribia kioo cha dashibodi. Mimi nilichungulia juu ya bega lake, na ninayakumbuka niliyoyaona. Tarakimu zilikuwa nyeupe juu ya vigurudumu vyeusi vilivyopangwa bega kwa bega. Tisa ya mwisho ilianza kupanda, nusu yake ikajificha, na ncha ya sufuri ikachomoza chini yake. Kigurudumu cha mwisho kikakivuta cha jirani, cha jirani nacho kikakivuta cha tatu, tisa zote mbili na ile tatu zikawa zinapanda kwa pamoja, zote ziko nusunusu. Kwa muda ule mita haikusoma nambari yoyote.

"Bado," Mama akasema. "Bado. Bado kidogo." Kisha akaweka kidole juu ya kioo. "Themanini na nne elfu, mia nne."

Baba akasimamisha gari pale pale katikati ya njia. "Alhamdulillahi," akasema, akauchukua mkono wa Mama wenye kile kidole, akaubusu mbele yetu sote na mbele ya Ami. Sijamwona akifanya hivyo kabla wala baadaye. Mama akaficha uso kwa mtandio wake akicheka, na Ami akaanza kupiga makofi, watoto wa kijiji wakamfuata.

Daftari likaandikwa juu ya boneti, injini ikinguruma bado: tarehe, Ngomeni, 384400, na chini yake, kwa sababu Baba ni Baba, "mafuta ya injini sawa, rejeta sawa".

Tulikula kaa wa nazi kwa Ami. Alasiri, tulipokuwa tukipakia, mama mmoja akaja na mtoto mgongoni, amechemka homa, akauliza kama tunaelekea mjini. Baba hakumwacha amalize. Akatuhamishia sisi safu ya nyuma kabisa pamoja na kikapu cha samaki cha Ami, mama yule akakaa katikati karibu na dirisha, na safari hii Baba alipofika lami ya Gongoni alilikanyaga gari mpaka Malindi.