Shampuu ya kuotesha nywele hukaa kichwani dakika mbili tu

Wateja wakiniletea chupa ya shampuu ya kuzuia nywele kunyonyoka, swali huwa ni lile lile: "Dada, hii inafanya kazi kweli?" Wengine wameshanunua, tena kwa hela ambayo ingetosha kusuka kichwa kizima na chenji ikabaki. Wengine wameipiga picha dukani Kariakoo, wanataka nione kwanza. Mimi ni msusi, saluni yangu ipo Tabata, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita vidole vyangu vikiwa kwenye nywele za watu. Nimeamua kuandika jibu langu lote hapa, kwa sababu nikilitoa huku nasuka, draya inanguruma na mtoto wa mtu analia, halifiki hata nusu. Hela inauma, lakini kinachoniuma zaidi ni muda ambao mtu anaupoteza akiisubiri chupa, na nitaeleza kwa nini.

Geuza chupa usome maelekezo. Nyingi zinasema hivi: paka, sugua, acha dakika mbili au tatu, suuza. Kazi ya shampuu ni kushika mafuta, jasho na uchafu ili maji yaviondoe. Maji hayo hayo yanaondoka na sehemu kubwa ya kafeini, vitamini ya biotini, kitunguu na tangawizi uliyolipia. Na mzizi wa unywele haupo juu ya ngozi tunaposugua, upo milimita chache chini yake.

Sasa linganisha na dawa ya kupaka ambayo imethibitishwa, minoksidili. Hii ilianza kama kidonge cha presha, madaktari wakaona wagonjwa wanaota nywele mwilini, ikatengenezwa ya kupaka kichwani na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1988. Minoksidili haisuuzwi. Unapaka kwenye ngozi ya kichwa iliyokauka, unaiacha, kila siku, na unaweza kusubiri miezi minne au zaidi kabla ya kuona tofauti. Wiki za mwanzo nywele zinaweza hata kudondoka zaidi. Ukiacha kuitumia, zile ilizootesha zinaanguka tena. Wajawazito na wanaonyonyesha hawaruhusiwi kuitumia. Dawa halisi inadai yote hayo, halafu kitu kinachokaa kichwani kwa muda wa kuimba ubeti mmoja kinatuahidi nywele ndani ya mwezi. Mimi ahadi hiyo siiamini, na nina sababu zaidi ya hisia zangu.

Shampuu ya kafeini inayojulikana kuliko zote ni Alpecin, ya Ujerumani. Mwaka 2018 mamlaka ya Uingereza inayosimamia matangazo, ASA, ilikataza tangazo lililosema shampuu hiyo inaweza kusaidia kupunguza upotevu wa nywele. Kampuni ilipeleka tafiti zake, wakaguzi wakazipitia, wakasema hazitoshi kubeba dai hilo. Marekani walikuwa wameshapita huko zamani: mwaka 1989 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliamua kwamba bidhaa za kupaka zinazouzwa bila cheti cha daktari haziruhusiwi kudai zinaotesha nywele au kuzuia upara mpaka ziidhinishwe kama dawa. Minoksidili ilikwenda kuomba idhini hiyo ikapata. Kwetu Tanzania, tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, na dawa ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na shampuu hizi nyingi zinaingia sokoni kama vipodozi. Kipodozi hukaguliwa ubora na usalama wake. Kuthibitisha kwamba kitu kinatibu ni sharti la dawa. Kwa hiyo ukiona alama ya TBS kwenye chupa ni vizuri, ila usiisome kama cheti cha kuotesha nywele.

Kuhusu kitunguu maji, watu huniambia kuna utafiti, na ni kweli upo. Ulifanyika Baghdad, ukachapishwa 2002. Wagonjwa walipaka maji mabichi ya kitunguu mara mbili kwa siku kwa miezi miwili, na kati ya 23 waliopaka kitunguu, 20 waliota nywele, wakati kati ya 15 waliopaka maji ya bomba waliota wawili tu. Lakini wote walikuwa na ugonjwa mmoja mahususi, ule wa viraka vya duara, ambapo kinga ya mwili inashambulia mizizi ya nywele, na viraka hivyo wakati mwingine huota nywele vyenyewe. Tena walipaka maji mabichi na kuyaacha. Hakuna aliyepewa shampuu yenye picha ya kitunguu na harufu ya waridi. Mafuta ya rozimeri nayo yana utafiti wake, wa Iran, 2015, kwa wanaume wenye upara wa kurithi: yalikaribiana na minoksidili ya asilimia 2 baada ya miezi sita, na baada ya miezi mitatu hakuna kundi lililokuwa limeonyesha chochote cha maana. Ni mafuta yanayoachwa kichwani kwa nusu mwaka. Hayo ndiyo yaliyopimwa, na chupa ya shampuu imeyaazima jina.

Basi kwa nini kuna wanawake wanaoapa kabisa kwamba shampuu imewarudishia nywele? Nawajua, wengine ni wateja wangu, na hawadanganyi.

Fuatilia kalenda ya mama aliyejifungua. Wakati wa ujauzito nywele nyingi hubaki kwenye hatua ya kukua, ndiyo maana kichwa hujaa. Baada ya kujifungua nyingi zinaingia kupumzika kwa pamoja, na unywele unaopumzika huanguka baada ya kama miezi mitatu. Kwa hiyo mtoto akiwa na miezi mitatu hivi, mama anachana na kitana kinajaa. Anaogopa, ananunua shampuu mwezi wa nne. Mwezi wa saba au wa nane vinywele vifupi vinachipua kwenye paji la uso. Anawaambia dada zake, shoga zake, na wenzake wa kliniki. Lakini nywele hizo zingerudi hata kama angeosha kwa sabuni ya kipande, kwa sababu mara nyingi kichwa hurudia hali yake kabla mtoto hajatimiza mwaka. Ndivyo ilivyo pia baada ya malaria kali, homa ya matumbo, upasuaji, msiba mzito au UVIKO: homa ya Machi, nywele zinadondoka Juni, chupa inanunuliwa Julai, na nywele zinarudi mwisho wa mwaka. Muda umetibu, chupa imepewa shukrani.

Kuna na hofu ya siku ya kufumua rasta. Mteja anaona bonge la nywele sakafuni anakaribia kulia. Mimi humpigia hesabu. Kichwa chenye afya hupoteza kama nywele 50 mpaka 100 kwa siku. Ukikaa na rasta wiki sita, zile zilizoanguka zimenaswa ndani ya msuko hazikupata pa kwenda. Siku 42 mara 50 ni 2,100, mara 100 ni 4,200. Bonge lile ni la wiki sita zote. Halafu namwomba achukue unywele mmoja autazame mwanga ukiwa nyuma yake. Ukiwa na kidoti cheupe mwishoni, umetoka kwenye shina baada ya kumaliza muda wake. Ukiwa hauna, umekatika njiani, na hapo tunaongea habari za dawa ya kulainisha, blichi, draya ya moto na kuchana kavu. Kwa nywele zinazokatika, shampuu laini na stiming kweli vinasaidia, maana tatizo lipo kwenye unywele wenyewe na ndipo shampuu inapofika. Zipo pia zinazoupaka unywele utando ukaonekana mnene. Ni sawa kabisa kwa kupendeza harusini, mradi ujue idadi ya nywele ni ile ile.

Sasa nifike kwenye lile linalonikosesha usingizi, nywele za mbele na za pembeni. Wanawake wengi wanaoniletea chupa hizi hawana upara wa kurithi. Wana ngozi iliyovutwa tangu wakiwa wasichana: rasta nzito, mabutu ya kubana, wigi la gundi, kisha dawa ya kulainisha juu yake. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo 2007: walikuta dalili za nywele kung'oka kwa kuvutwa kwa asilimia 17 hivi ya wasichana wa shule na karibu theluthi ya wanawake wazima. Nilipoambiwa takwimu hizo sikushangaa. Natazama mstari wa nywele wa kila anayekaa kwenye kiti changu.

Nywele hizi zikiwahiwa zinarudi. Mwanzoni unaona vipele vidogo kwenye mashina, maumivu, ngozi imevutika, na vinywele vyembamba vinabaki vimejipanga mbele kama upindo wakati nyuma yake pamekuwa peupe. Ukiacha kuvuta wakati huo, mashina yana nafasi ya kuota tena. Ukiendelea kwa miaka, shina linageuka kovu, na kovu haliotewi na nywele, iwe kwa shampuu, mafuta au minoksidili. Ndiyo maana nikasema muda unaniuma kuliko hela. Binti ananunua chupa, anaosha kila Jumamosi kwa imani, halafu Jumapili anasuka yeboyebo ya kukazwa palepale panapouma. Chupa inamfanya aamini kwamba anajitibu, na mwaka unapita.

Utosini ni hatari zaidi, kwa sababu mtu hajioni. Kuna ugonjwa unaoanzia katikati ya kichwa na kutanuka kama duara, huwapata hasa wanawake weusi, na mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi yao wana mabadiliko kwenye jeni iitwayo PADI3, kwa hiyo ukoo nao una mchango, siyo msuko peke yake. Panawasha, panaunguza, pengine hapaumi kabisa, na ngozi inakuwa laini inayong'aa. Huo nao unaacha kovu. Nikiuona sisuki. Nampiga picha mteja kwa simu yake mwenyewe aone, namwambia aende kwa daktari wa ngozi. Hospitali ya Muhimbili wapo, na kwa watu wa kaskazini kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi, cha tangu 1992. Huyo ndiye atakayeamua kama apime damu, tezi, au akate kipande kidogo cha ngozi kuchunguza. Kuna mama mmoja wa makamo alinijibu, "Mwanangu, daktari kwa ajili ya nywele?" Nikamwambia ndiyo mama, kichwa nacho ni ngozi.

Watoto wenye mapunye wasiogeshwe shampuu peke yake jamani. Fangasi imeingia ndani ya unywele, inahitaji vidonge vya wiki kadhaa alivyoandika daktari. Shampuu ya dawa inapunguza tu kuwaambukiza wenzake. Vitana vyao msiviazimane.

Shampuu ninayoitetea ni ya mba. Yenye asilimia 2 ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, hutibu mba sugu, ukiiacha dakika tatu mpaka tano kabla ya kusuuza, na kichwa kisichowasha hakikwanguliwi kwa kucha, kwa hiyo nywele zinapona kwa njia hiyo. Kuna utafiti mdogo wa Ubelgiji wa 1998 ulioona kwamba ketokonazoli inaweza pia kuzinenepesha nywele za wanaume wenye upara. Watu walikuwa wachache, na hata hivyo ni shampuu ya duka la dawa, siyo ile iliyoandikwa miujiza. Kwa nywele zetu kavu ifuatishe kila mara na kondishena.

Kwangu utaratibu ni huu. Anayekuja na chupa mpya namwosha nayo akitaka, ni mali yake. Nywele za mbele zikiwa zimepungua, nasuka nikiziacha nje, rasta nyembamba na fupi, bila kukaza, na akitoka nasisitiza apumzishe kichwa kabla ya kusuka tena. Ukisukwa kwangu ukafika nyumbani ukaona vipele pembeni ya paji, au unameza kidonge cha maumivu ili ulale, rudi usiku huo huo kama nipo au asubuhi nikifungua. Kufumua nafanya bure, na hela ya kusuka nakurudishia.