Tairi za IST yangu
Jumamosi nimeshinda chini ya gari yangu, Toyota IST, jeki na spana ya nati tu. Tairi za mbele zimelika kinoma kuliko za nyuma, si unajua injini inavuta mbele na usukani uko hukohuko, kwa hiyo za mbele nikazipeleka nyuma moja kwa moja, za nyuma zikaja mbele kwa kupishana, ya kulia inakaa kushoto. Nati zilegeze gari ikiwa bado chini aisee, mi nilisahau gurudumu likawa linazunguka tu 😅

Moja ilishakuwa kipara ikabidi ninunue mbili, saizi 185/65R15. Muuzaji anasema mpya kabisa hizo, nacheki ubavuni 1416, yaani zimetengenezwa wiki ya 14 mwaka 2016! Nikamrudishia, nikaenda duka la pili.