Namba Tatu kutoka Nachingwea

Binti yangu alikuwa akinisaidia kuhamishia kwenye kompyuta nyingine mafaili ya Maswali na Majibu, yaani mkusanyo wetu wa maswali ya watu kuhusu kompyuta za zamani na majibu tuliyowapa, akaniuliza kwa nini barua moja ina tarehe ya 1 Januari 1980, ilhali mwaka huo mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilimweleza kwamba DOS, mfumo uliokuwa ukiendesha kompyuta za zamani, hauwezi kuweka kwenye faili tarehe iliyotangulia siku hiyo, kwa hiyo mashine nyingi za zamani, betri ya saa ikifa, kila zinapowashwa huanza upya kuhesabu kutoka hapo. Maelezo hayo yalimtosha, akaendelea na kazi. Mimi nilibaki na ile barua, kwa kuwa ni ya mzee mmoja, karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huko Newala, na habari yake sijawahi kuiandika.

Ilikuwa mwishoni mwa msimu wa korosho wa 2008/2009. Majibu yetu tuliyatoa kwa simu, kwa barua pepe, na kwa karatasi tulizozikabidhi kwa makondakta wa mabasi ya Masasi na Newala, maana shule, zahanati na vyama vya msingi vingi vilikuwa vikifanya kazi kwa mashine za 386 na 486, kompyuta za vizazi vya zamani, zilizofika huku zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Waliotuuliza kutoka Mtwara mjini na Mikindani walisumbuliwa zaidi na hewa ya chumvi, na jibu lao lilikuwa kuchomoa kadi za ndani ya mashine na kusugua miguu yake ya shaba kwa raba ya penseli. Waliofungua mashine wakashindwa kuifunga waliambiwa kwamba plagi mbili za umeme, P8 na P9, huchomekwa ubavu kwa ubavu, nyaya nyeusi zikikutana katikati, kwani zikigeuzwa bodi huweza kuungua. Kila swali tulilihifadhi kwa maneno ya aliyeuliza, kwa sababu mtu mwenye shida hajui jina la ugonjwa wa mashine yake, anajua tu kile anachokiona kwenye skrini. Na kila jibu tulilitia alama: limejaribiwa, au halijajaribiwa.

Mzee alipiga simu asubuhi. Nilipomwamkia, aliitikia, akauliza habari za nyumbani kwa utaratibu wote kama vile hakuna linalomharakisha, kisha akasema, "Mwanangu, mashine yangu inasema betri imekwisha na diski haipo. Nje wapo watu wa malipo ya pili."

Wote wanaoishi kwa korosho wanajua uzito wa maneno hayo. Wakati ule, chini ya stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi, mkulima alipokea malipo ya kwanza alipopeleka mzigo, na yaliyofuata yalikuja baada ya mnada, kwa orodha inayoonyesha kilo za kila mmoja. Orodha ya chama kile ilikuwa ndani ya diski hiyo peke yake, kwani diskete za akiba zilikuwa zimeshika kuvu. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na msimu wa mvua ukungu huingia hadi kabatini.

Diski yenyewe haikuwa imeharibika. Tangu kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC AT mwaka 1984, mashine za ukoo ule huweka kumbukumbu za vifaa vyake katika chipu ya saa yenye baiti 64 tu, inayoishi kwa betri. Betri ikifa, mashine husahau tarehe na pia husahau diski yake imegawanywaje: ina silinda ngapi, vichwa vingapi, na sekta ngapi katika kila njia. Mashine zilizokuja baadaye huiuliza diski yenyewe ikajitaja. Ya mzee haikuwa na uwezo huo, ilikuwa lazima iambiwe. Ndiyo maana jibu la kwanza kabisa katika mkusanyo wetu lilikuwa ushauri wa kunakili namba hizo tatu wakati mashine ni nzima na kuzibandika ndani ya mfuniko. Kwenye mfuniko wa mzee hakukuwa na karatasi.

Nilimwomba azime, achomoe waya wa umeme, afungue na kunisomea lebo ya diski. Alisoma herufi moja moja: ST3144A. Nilikuwa na jibu moja tu la diski hiyo. Lilitoka kwa mtu wa Nachingwea aliyetia sahihi kwa herufi mbili, ambaye siku moja alitutumia bila kuulizwa namba alizozikuta kwenye mashine yake: silinda 1001, vichwa 15, sekta 17. Pembeni tulikuwa tumeandika: halijajaribiwa.

Nilimuuliza mzee kama anayo karatasi yoyote iliyowahi kuchapwa na mashine ile ikitaja ukubwa wa diski. Nilisikia droo zikivutwa. Muda wake wa maongezi ukaisha, simu ikakatika, nikampigia mimi, na alipopokea alikuwa amepata karatasi ya CHKDSK, programu ya DOS ya kukagua diski, ya miaka ya nyuma iliyosema baiti milioni 130 na ushee. Nikazidisha: 1001 mara 15 mara 17 mara 512, ambazo ni baiti za kila sekta. Jibu lilikuwa 130,690,560. Karatasi ilipungua kidogo tu, na ilipaswa kupungua, kwa kuwa mfumo hujichukulia sehemu yake.

Hesabu iliafiki, lakini hapo ndipo niliponyamaza kwa muda ambao mzee aliuona mrefu, hata akaniuliza kama bado nipo. Namba 15 na 17 zikibadilishana nafasi, jumla haibadiliki hata baiti moja, ila mpangilio wa diski huwa mwingine kabisa, na mashine inayosoma kwa mpangilio usio wake, mtu akihifadhi chochote, huandika juu ya mahali palipo na kazi ya watu. Sikumjua mtu wa Nachingwea. Sikujua kama alinakili kwa utulivu au kwa haraka, mwanga wa taa ukiwa hafifu. Na mbele yangu, kwa njia ya simu, kulikuwa na kilo za korosho za kijiji kizima.

Nilimwambia mzee ukweli: namba ninazo, sijazijaribu mimi wala mwenzangu, na tukizitumia tutatazama tu, hatutaandika kitu. Alifikiri, akasema, "Mwalimu, tutazame."

Aliwasha huku akishikilia kitufe cha Delete, akafika kwenye ukurasa wa mipangilio, akachagua aina ya 47, ile inayomruhusu mtu kujaza namba mwenyewe. Nilimtajia 1001, akairudia. Nilimtajia 15, akairudia. Akafika kwenye nafasi mbili zilizoandikwa WPcom na LZone, akasita. "Hapa je?" Nikamwambia aweke sifuri, kwani hizo ni habari za diski za kizazi kilichotangulia kile cha diski yake. Kisha 17. Upande wa kulia mashine ikajiandikia yenyewe ukubwa wa diski. Nilimtaka aanzishe kwa diskete ya DOS, asiiguse programu yake ya hesabu, aandike C na nukta mbili, kisha DIR, amri ya kuorodhesha yaliyomo kwenye diski.

Nilisikia kibodi, kidole kimoja kimoja. Kisha sikusikia kitu. Kisha mzee akaanza kunisomea, si kwa furaha bado, bali kwa sauti ya mtu anayeita majina darasani: "DOS. HESABU. MALIPO. WANACHAM." Jina hilo la mwisho lilikatwa kwenye herufi ya nane, kama DOS ilivyozoea, na kwangu ukato ule ulikuwa ushahidi kuliko hesabu yangu yote. Nikamwomba afungue faili moja kwa kusoma tu, akaniambia anaona majina ya watu na kilo zao, tena akanitajia la jirani yake.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Alinakili kila kitu kwenye diskete mpya, orodha ikachapwa, na baadaye fundi aliing'oa betri iliyovuja, akapasafisha kwa siki na kufunga nyingine. Barua ya shukrani ilikuja kwa basi ndani ya diskete, imeandikwa kabla saa haijarekebishwa.

Mwenzangu wa Lindi, tunayehakiki naye majibu, alifurahi, kisha akasema jambo ambalo hatujalimaliza hadi leo. Kwa maoni yake jibu ambalo hatujalijaribu sisi wenyewe halipaswi kumfikia mtu aliyebanwa, kwa sababu aliyebanwa hushika jibu na kuiacha tahadhari. Siwezi kusema amekosea. Nami namjibu kwamba tungeyafuta yasiyojaribiwa, siku ile ningekuwa na huruma tu ya kumpa mzee. Tulichokubaliana ni kuongeza alama ya tatu, "limejaribiwa na muulizaji kwa kusoma tu," na jibu la Nachingwea liko chini ya alama hiyo mpaka sasa, maana hakuna kati yetu aliyewahi kuishika ST3144A. Mtoaji wake nilimwandikia kumweleza lilivyotumika, lakini anwani yake ilikuwa haipokei tena.

Mwezi huu shule moja imetuuliza kuhusu diski nyingine, ambayo jibu lake pia lilitoka kwa mtu mmoja. Safari hii hakuna karatasi ya kulinganishia. Mwenzangu anataka tuwaombe wasubiri hadi tuipate diski ya namna hiyo, na mwalimu mwenye mashine anataka kuiwasha kesho.