Mita sita kabla ya faili: tulivyosimamia mazingira katika kiwanda cha mafuta ya alizeti, Kanda ya Kati

Kiwanda cha kukamua na kusafisha mafuta ya alizeti kinakula vitu vitatu kwa wingi: maji, umeme na moto wa boila, yaani mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke. Ukivipima kila zamu, karibu kila tatizo la mazingira utaliona kabla mkaguzi hajafika getini. Usipovipima, hata cheti cha ISO 14001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira, kikining'inia ukutani hakitalisaidia korongo linalopokea maji yako. Kwa hiyo faili la makaratasi ya mazingira tuliliacha lisubiri, tukaanza na mita.

Tulianza na maji kwa sababu ya mahali tulipo. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni kisima tu, na maji ya visima vya huku mara nyingi ni magumu na yana chumvi. Lita inayopotea inauma mara mbili: imetolewa kwenye mwamba, na imeacha chumvi yake kiwandani.

Vipimo vilikuwa sita: kisimani, tanki la boila, bomba la maji ya moto ya kuoshea mafuta, mnara wa kupozea, vyoo na jiko, na mfereji unaoingia kwenye mabwawa ya majitaka. Hapo mwisho mita ya kawaida haifai, grisi inaiziba ndani ya wiki. Tuliweka bamba la chuma lenye mkato wa pembe ya nyuzi 90. Maji yakipanda sentimita 10 juu ya ncha ya chini ya mkato, yanapita takriban lita 4.4 kwa sekunde. Rula ya kusomea isiwekwe kwenye mkato wenyewe, maana hapo uso wa maji umeshainama na utasoma pungufu. Sisi tuliiweka nusu mita nyuma.

Mita za mabomba zilidanganya kwa sababu mbili. Mchanga wa kisima ulikwamisha mapanga ya ndani, na tiba yake ni chujio kabla ya mita, lisafishwe kila Jumatatu. Pia fundi alizifunga karibu mno na kona. Kwa bomba la inchi 2 acha angalau nusu mita ya bomba lililonyooka kabla ya mita, na robo mita baada yake. Kuihakiki mita ni rahisi: jaza tanki la lita 1,000 na ulinganishe. Zote zisomwe ndani ya nusu saa moja, wakati wa kubadilishana zamu saa 1 asubuhi. Ukisoma moja asubuhi na nyingine mchana, hesabu ya maji yaliyoingia na yaliyotoka haitakaa ikubali.

Namba inaandikwa kwenye ubao wa zamu kwa tani: lita za maji, uniti za umeme na kilo za maganda ya alizeti yaliyochomwa, kwa kila tani ya mafuta yaliyosafishwa. Ubao ukiwa mlangoni watu wanausoma bila kuitwa. Kijana wa zamu ya usiku akisema, "Dada, mita ya kuoshea imekimbia leo," kazi imeanza tayari, na ripoti ya mwezi haijaandikwa bado.

Ila namba ya kwa tani ina mtego wake hapa kwetu. Alizeti huvunwa kuanzia Mei au Juni, na mbegu zikipungua kiwanda kinafanya kazi nusu. Taa, pampu na kuiwasha boila upya havipungui kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo umeme kwa tani unapanda bila mtu yeyote kukosea. Tulichora umeme wa kila siku dhidi ya tani za siku hiyo. Mstari ukirudishwa hadi tani sifuri, pale unapokata ndipo penye mzigo usiobadilika. Huo una dawa yake, na mara nyingi ni kompresa inayonguruma usiku kulisha uvujaji. Tundu la milimita 3 kwenye bomba la hewa ya kompresa lenye shinikizo la baa 7 linakula karibu kilowati 4. Zima mashine zote, washa kompresa peke yake, usikilize.

Kwenye boila kosa lililotugharimu zaidi lilikuwa kuamini kwamba kilainisha maji kinaondoa chumvi. Hakiondoi. Kinatoa kalisiamu na magnesi na kuweka sodiamu mahali pake, basi. Ukoga haugandi kwenye mabomba, lakini jumla ya chumvi zilizoyeyuka inabaki palepale, na boila inazidi kuzikusanya kadiri mvuke unavyotoka. Lazima umwage sehemu ya maji ya ndani ya boila kupitia chini yake, ile kazi mafundi wanayoita blodauni. Hesabu yake ni hii: maji yanayoingia yakiwa na chumvi miligramu 500 kwa lita, na kikomo ndani ya boila kikiwa 3,000, unagawanya 500 kwa 2,500. Unamwaga maji ya moto sawa na asilimia 20 ya mvuke wote unaozalisha. Rudisha nusu ya mvuke uliopoa na kuwa maji, ambao hauna chumvi karibu kabisa, na maji yanayoingia yatashuka hadi 250. Sasa ni 250 kwa 2,750, yaani asilimia 9. Hakuna mashine mpya hapo, ni bomba la kurudisha na trapu za mvuke (valvu zinazotoa maji na kuzuia mvuke) zinazofanya kazi. Maji yakiingia boila yakiwa ya moto zaidi kwa nyuzi 6, mafuta au kuni zinapungua kama asilimia 1, na hiyo nayo unaihesabu.

Tahadhari moja: mvuke uliopashia mafuta unaweza kurudi na mafuta iwapo koili, yaani bomba la mvuke lililojikunja ndani ya mafuta, imetoboka. Mafuta yakiingia boila, maji yanatoa povu na kupanda kwenye bomba la mvuke. Kila zamu mzee wa boila anakinga maji hayo kwenye chupa ya kioo, anayainua juani na kutazama utando wa rangi juu yake. Akiuona, anageuza koki yaende kwenye mfereji kwanza, maswali baadaye.

Majitaka makali kabisa yanatoka kwenye usafishaji, na chanzo chake kiko ghalani. Mbegu zikipokelewa zikiwa na unyevu juu ya asilimia 9 zinachachuka, asidi ya mafuta inapanda, na kostiki (soda kali inayoondoa asidi hiyo kwa kuigeuza sabuni) inayohitajika inapanda nayo. Kila kilo ya asidi huru inataka kilo 0.142 za kostiki safi. Tani moja ya mafuta yenye asidi ya asilimia 2 ina kilo 20 za asidi, kwa hiyo kostiki ni kilo 2.84, ongeza ziada ya asilimia 10 hadi 20. Mwendeshaji akiendelea na kipimo cha shehena ya jana iliyokuwa na asilimia 4, anamimina maradufu. Ziada hiyo inageuza mafuta mazuri kuwa sabuni, sabuni inadai maji zaidi ya kuoshea, na yote yanaishia bwawani. Tangu asidi ianze kupimwa kwa kila tanki badala ya kila siku, ule mfereji wenye bamba ulitulia. Nasema bila kusita: kipimo hiki cha maabara ya ndani kimeyafanyia mabwawa yetu mengi kuliko pampu yoyote tuliyonunua.

Mtego wa mafuta, shimo ambamo mafuta hupanda juu ya majitaka yakaenguliwa, tuliukuta ukiwa umejengwa vizuri na haufanyi kazi. Maji ya moto yenye sabuni yanashika mafuta kama maziwa yanavyoshika siagi, hayaachii. Njia ya vitabuni ni kutia asidi ya salfuriki hadi pH (kipimo cha uchachu wa maji) 3 au 4, mafuta yapande, yaenguliwe, kisha maji yarudishwe karibu na 7. Inafanya kazi. Lakini salfeti inabaki majini, na kwenye bwawa lisilo na hewa vijidudu wanaigeuza kuwa gesi yenye harufu ya yai viza. Majirani watakufuata. Tulichofanya ni kuitoa sabuni nzito mapema, kwenye madumu ya watengeneza sabuni, kabla ya kuoshea, na kuyapoza maji ya kuoshea chini ya nyuzi 40 kabla ya mtego. Asidi sasa inatumika kidogo, siku sabuni ikiponyoka.

Mabwawa ni matatu kwa mfuatano: la kwanza lenye kina kirefu lisilo na hewa, la pili la kati, la mwisho la kina kifupi kama mita 1. La kwanza ndilo lenye tabia za mtu. Likikaa miezi kadhaa bila chakula kisha likamwagiwa mzigo wote msimu unapofunguliwa, linachachuka, pH inashuka chini ya 6.5, na vijidudu wanaotengeneza methani wanasimama. Tunaliongezea mzigo polepole kwa wiki tatu, chokaa ikiwa tayari pembeni. Jambo jingine ni kwamba jua la huku linavukiza maji mengi kuliko mvua inavyoleta, kwa hiyo chumvi inabaki na kuongezeka. Maji ya chumvi ya kusafishia kilainisha tuliyatenga kabisa. Ukiyaingiza humo halafu ukamwagilia miti, miti inakauka majani kuanzia kingoni.

Viwango vya kutoa maji ni BOD (oksijeni ambayo vijidudu wanahitaji kula uchafu) miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuuunguza uchafu kwa kemikali) 60, vitu vinavyoelea 100, na pH kati ya 6.5 na 8.5. Sampuli iwe mchanganyiko wa maji yaliyokingwa kidogokidogo kwa saa 24, isiwe chupa moja ya asubuhi, isafiri ndani ya barafu kwa nyuzi 4 na ifike maabara siku hiyohiyo. Ikipata joto njiani vijidudu wanakula uchafu ndani ya chupa na unapata namba nzuri ya uongo.

Moshi na vumbi nitapita haraka. Moshi mweusi kwetu ulikuwa maganda yenye unyevu. Vumbi lilikuwa valvu iliyochakaa chini ya saikloni, pipa linalozungusha moshi ili majivu yaanguke: inavuta hewa, na majivu yanapanda tena juu badala ya kuanguka. Udongo uliotumika kuondoa rangi ya mafuta unaweza kujiwasha wenyewe, kwa hiyo unakaa kwenye mapipa ya chuma yenye vifuniko, mbali na maganda.

Makaratasi yalikuja baada ya hapo, na yakawa mepesi kwa sababu namba zilikuwepo: ripoti kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na vibali vya bodi ya maji ya bonde, kimoja cha kutumia maji na kingine cha kutiririsha majitaka. Usidhani kimoja kinatosha.

Kilichobaki kila mwaka ni mvua ya kwanza. Miezi saba ya vumbi la mashudu na matone ya mafuta uani inaondoka ndani ya robo saa na kuingia korongoni. Ua wenye lami wa mita za mraba 2,000, kwa milimita 10 za mwanzo, unatoa meta za ujazo 20, kwa hiyo tanki la kukinga ni la ukubwa huo, na maji yanayofuata yanageuziwa mfereji wa mvua. Mwezi wa Novemba ua unafagiwa mkavu bila maji, ukingo, yaani ukuta unaozunguka tanki la dizeli, unakaguliwa kama bado unabeba asilimia 110 ya ujazo wa tanki, na koki ya chini ya ukingo huo inafungwa kwa kufuli. Ufunguo unakaa kwa msimamizi wa zamu, maana mvua ya huku hupenda kuanza usiku.