Siku yangu: mimi kompyuta, sokoni Mbuyuni

Saa 1:30 asubuhi. Nashuka daladala Moshi mjini na karatasi za manila kwapani. Najifunza usanifu unaomlenga mtumiaji, na leo tunajaribu programu ya hesabu za wauza ndizi. Programu yenyewe haijaandikwa. Kila skrini ni karatasi, na kompyuta ni mimi: mtu akigusa kitufe kilichochorwa, nambadilishia ukurasa.

Saa 3:00, sokoni Mbuyuni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikimwuliza anaionaje kazi yangu, atasema nzuri sana, Mungu akubariki. Nani atamvunja moyo mtoto wa watu asubuhi asubuhi? Kwa hiyo siulizi. Nampa kazi: "Mteja kachukua mikungu mitatu ya mshare, kalipa nusu. Iandike, na useme kwa sauti kila unachowaza."

"Hii kilo ya nini? Mimi nauza kwa mkungu." Anatafuta namba za kubonyeza, kama anavyozoea akipiga *150*00# ya M-Pesa kwenye kitochi chake. Hazipo. "Na mali kauli naiweka wapi?"

Nanyamaza. Hapo ndipo pagumu, maana mkubwa akikwama mbele yako mikono inawasha kumsaidia. Nikisaidia tu, jaribio limekwisha. Mwishowe anageuza karatasi, anachukua kalamu yangu na kupiga mistari: jina, mikungu, alicholipa, anachodaiwa.

Saa 5:00. Wengine nao wanakwama palepale kwenye kilo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, anashauri watu 5 kwa kila duru, urekebishe, kisha ujaribu tena. Sawa, ila wauza ndizi 5 hawawasemei wauza mitumba wa Kiborloni.

Saa 7:00. Mtori.

Saa 8:00, darasani. Mwenzangu anasema tuwafundishe akina mama, watazoea. Namkumbusha Don Norman, mtaalamu wa usanifu: mtu akikosea, kagua kwanza kitu alichopewa. Watafiti Gould na Lewis nao waliandika mwaka 1985: anza na watumiaji mapema, pima wanachofanya, sanifu upya. Ubishi unakula saa nzima.

Saa 11:00. Ukurasa mpya unaanza na wadaiwa, na kila chaguo lina namba. Mwenzangu bado anaitetea kilo. Basi kesho kompyuta ni yeye, na mzani abebe mwenyewe.