Siku moja maishani mwangu: kaseti ya harusi, deki ya mtumba na kipande cha selotepu

Watu wakiniuliza kazi yangu ni gani nikisema nahamisha kaseti za video za zamani ziwe faili za kuwekwa kwa simu wananiangalia kama nimesema nauza koroboi. Haya, nimewaandikia Alhamisi yangu ya wiki iliyopita yote venye ilikuwa, mtaona wenyewe kama ni kazi ama ni kujitafutia presha.

Saa kumi na mbili asubuhi. Hapa Free Area, Nakuru, baridi ya kukata masikio, maziwa iliharibika usiku so chai ni ya strungi na mkate wa jana. Saa moja na robo niko stage nimebeba deki, ile mashine ya kucheza kaseti za video, nimeifunga kwa leso kama mtoto. Makanga anataka kuiweka kwa buti, nikamwambia hapana, hii inakaa kwa mapaja yangu, akaniambia basi nilipe viti viwili. Tukabishana mpaka abiria mmoja mzee akauliza hicho ni nini kimefungwa hivyo, nikafunua kidogo, akacheka sana, "Kumbe deki bado ziko!" Makanga akaniacha.

Ziko, lakini chache. Kampuni ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, yaani za hizi kaseti, ilikuwa Funai ya Japani na iliacha Julai 2016, so hii yangu ikikufa hakuna duka la kwenda. Niliinunua kwa jamaa aliyekuwa na nyumba ya kuonyesha video Kaptembwo enzi zile za kulipa bob tano uone sinema mbili. Ndio maana siiachi dukani usiku.

Saa mbili duka liko wazi. Niko ghorofa ya kwanza nyuma ya Kenyatta Avenue, kachumba kadogo, upande mmoja napiga picha za pasipoti na kulaminate, upande ule mwingine ni meza ya kaseti. Wateja wawili wa pasipoti, mwanafunzi mmoja kutoka Njoro anataka projekti yake ifungwe haraka haraka, hao nikamalizana nao.

Kisha nikafungua deki. Skurubu nne tu na mfuniko unatoka. Wazee husema jina Nakuru limetoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi, na mimi naamini kwa sababu kila wiki nikifungua hii kitu nakuta vumbi jekundu limekalia ile dramu inayong'aa. Hiyo dramu inazunguka mara 1500 kwa dakika na juu yake ndio kuna zile hedi zinazosoma picha, vitu vidogo hata huwezi kuviona vizuri. Unachukua karatasi safi, unailowesha na alkoholi ya kusafishia elektroniki, unaishikilia hapo bila kuisogeza halafu dramu ndio unaizungusha kwa mkono polepole. Usiwahi kusugua juu chini, utavunja hedi. Na usitumie pamba, nyuzi zake zinanasa ndani. Hii nilijifunza kwa kuua deki ya kwanza so naijua vizuri sana.

Saa tatu na kitu akaingia mama mmoja kutoka Bahati, kitambaa kichwani, amebeba mfuko wa plastiki ameukumbatia.

"Habari ya asubuhi msichana wangu, ni wewe unatoa harusi kwa kaseti?"

"Ni mimi mama, karibu ukae."

Harusi yake ya 1996, kanisani, kijana wake wa kwanza akiwa tayari amezaliwa ameshika pete kwa mto. Sasa huyo kijana ndiye anaoa Agosti na yeye mwenyewe ndiye amesema mama atafute ile video ionyeshwe kwa risepsheni, watu waone venye alikuwa amevalishwa suti ndogo akilia. Nikaangalia kaseti, E-180, ya masaa matatu. Nikainua kile kifuniko cha mbele nione kama kuna ukungu, ile unga nyeupe kwa kingo za utepe. Kaseti ya ukungu siwezi kuiweka kwa deki yangu hata ukinilipa mara tatu. Ilikuwa safi. Nikaona pia kwa mgongo wake kuna kipande cha selotepu cha zamani kimegeuka rangi ya chai, nikadhani labda ilipasuka wakafunga. Hapo ndio nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Bei nikamwambia mia tano kwa kila lisaa la kaseti. Akasema lakini si unabonyeza tu inaingia? Nikamweleza mama, kaseti ya masaa matatu inachukua masaa matatu, haina njia ya mkato, inacheza kama venye ingecheza kwa TV na laptopu inarekodi pole pole. Akakubali shingo upande, akaenda soko la Wakulima kununua vitu vyake, akasema atarudi.

Saa nne ndio vita ilianza. Kile kifaa changu cha USB cha kwanza, cha kuingiza picha ya deki kwa laptopu, kilikufa wiki moja kabla, so hiki kilikuwa kipya, siku yake ya kwanza kazini. Ni kadude ka urefu wa kidole, upande mmoja USB, upande mwingine mikia minne, manjano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti, na ile nyeusi ya duara ya S-Video ambayo deki yangu haina. Kwa boksi kuna sidii ya draiva, ile programu ya kufanya kompyuta ikijue kifaa. Laptopu yangu haina mahali pa sidii. Nikachomeka hivyo hivyo nikiomba Mungu, Windows ikaniletea alama ya manjano haijui hii ni kitu gani. Nikakimbia kwa jirani wa saiba ako na kompyuta ya zamani yenye trei, tukakopi draiva kwa flashi, nikarudi nikaiweka, alama ikaisha.

Nikafungua OBS Studio, programu ya bure ninayotumia, nikaplei kaseti. Picha imekuja nyeusi na nyeupe, inapanda juu kama inapigwa lifti, haitulii. Kama hujawahi kufanya hii kazi hapo unaanza kulaumu kaseti, lakini ni setingi. Hivi vifaa vingi vinakuja vimewekwa NTSC, huo ni mfumo wa TV wa Marekani, picha ya mistari 525. Huku kwetu TV ilikuwa PAL, mistari 625, na picha unayorekodi inatoka nukta 720 kwa 576. Nikabadilisha ikaenda PAL B na papo hapo rangi zikaingia, gauni likawa jeupe, majani yakawa kijani. Hata kama nimefanya hii mara mia bado hapo huwa natabasamu peke yangu.

Sauti sasa. Kimya. Hiyo programu inachukua picha na sauti kama vitu viwili tofauti, lazima uende uiambie sauti pia itoke kwa kile kifaa. Nikaiambia. Bado kimya. Kumbe Windows inahesabu hiyo sauti kama maikrofoni na nilikuwa nimezima ruhusa ya maikrofoni kwa sababu ya mambo yangu mengine. Nikawasha, sauti ikaja, lakini sikio la kushoto tu, kwa sababu deki yangu ni mono inatoa sauti kwa tundu moja. Ukiweka tiki kwa mono inaenda masikio yote mawili. Halafu picha inaganda ganda, hiyo nayo ni kwa sababu nilichomeka kupitia ile hubu ya USB yenye maus na printa, nikaitoa nikachomeka moja kwa moja kwa laptopu ikatulia. Mwisho ile mistari kama meno ya kitana, mtu akisonga tu mikono inachanika, hiyo unaiondoa kwa setingi ya deinterlesi na usiiache eti watu hawataona, kwa skrini kubwa ya harusi wataona. Kaseti nikaipeleka mbele mpaka mwisho na kuirudisha yote ilegee, imekaa miaka bila kuguswa.

Saa tano na dakika kumi nikabonyeza rekodi.

Kazi yenyewe sasa ni kukaa. Unaona mama huyo akiwa bado kijana, wanamtoa kwao, wanawake wanaimba getini wanakataa kufungua mpaka wapewe kitu, kanisa, halafu yule kijana wa suti amelia mpaka pete ikaanguka chini ya viti na mwanamume mzima akapiga magoti kuitafuta. Mteja wa kulaminate alikuja nikamwambia angoje, akaishia kukaa akiangalia na mimi, pete ikipatikana tukapiga makofi wawili.

Saa sita na dakika ishirini hivi nimeshika githeri mkononi, naangalia, rekodi imesimama. Imekataa. Kaseti inaendelea kucheza na hakuna kinachoingia. Mtaniambia nilipaswa kujua na ni kweli. Diski ya laptopu ilikuwa imebaki gigabaiti sita so nilikuwa narekodi kwa flashi ya 32, na hiyo flashi ilikuwa imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuweka faili, ambao haukubali faili moja kupita gigabaiti nne. Venye nilikuwa nimeweka faili inakula kama megabaiti moja kila sekunde, piga hesabu, lisaa limoja na dakika kumi na moja umegonga ukuta. Afadhali huwa narekodi kwa MKV, aina ya faili ya video ambayo ikikatika ghafla kile kilichoingia hakiharibiki. Nikakopi hiyo sehemu ya kwanza kwa laptopu, ikaenea kwa shida, nikafomati flashi iwe exFAT, isiyo na ukuta huo, nikairudisha. Githeri ikapoa. Saa saba kasoro dakika kumi nikarudisha kaseti nyuma kidogo kabla ya pale ilikatika, nikaanza tena, vipande vitaunganishwa baadaye.

Nyayo Gardens, wanapiga picha chini ya miti. Hema la risepsheni. Keki imewekwa mezani, ya tabaka tatu, bibi na bwana wameshika kisu kimoja, emsii anaanza kuhesabu...

Picha ikapinda, ikarukaruka, na wanaume wawili wa chupi wakaanza kurushana kwa ringi.

Saa saba na nusu hiyo. Mieleka! Nikadhani nimebonyeza kitu. Nikaangalia waya. Halafu macho yakaenda kwa kale ka selotepu na nikashika kichwa. Kaseti ya VHS iko na kijiti kidogo cha plastiki mgongoni, ukikivunja deki inakataa kurekodi juu yake. Yule wa video wa 1996 alikivunja kama mtu anayejua kazi. Halafu mtu mwingine, miaka baadaye, akaziba hilo shimo na selotepu, na deki ikidhani kijiti kiko ikakubali. Wala si ati harusi iko chini ya mieleka mahali, deki hufuta kwanza ndio iandike. Imeenda.

Dakika thelathini na nane za mieleka na matangazo ya sabuni. Niliziacha zirekodi, sikujua nifanye nini kingine. Baadaye picha ikapinda tena na harusi ikarudi, wamama wanaleta zawadi wakicheza, sufuria kichwani, leso mabegani, kama hakuna kitu kilifanyika. Saa tisa kasoro kaseti ikaisha.

Saa tisa mama akarudi na viazi. Sikumwambia, nilimwonyesha tu kuanzia hema. Akaona keki, akaona kisu, akaona mieleka. Akakaa kimya hivi. Halafu akauliza kama ninaweza kuitoa hiyo ya juu ibaki ile ya chini, nikamweleza pole pole kwamba haiwezekani, akaitikia kwa kichwa. Mieleka ikiendelea hapo, sauti nimeizima, akaanza kuniambia kilichokuwa. "Hapa sasa babangu ndio alisimama, akasema yeye si mtu wa maneno, akaongea nusu saa. Hapa keki ya juu walimpea cucu, nyanya yangu, akaiweka kwa mkoba nzima nzima." Aliongea mpaka wale wa ringi wakamaliza.

Akaona selotepu kwa kaseti. Akaishika, akaigeuza, akatoa simu.

"Wewe. Ulishika kaseti ya harusi yangu ukiwa shule?"

Ilikuwa kwa spika. Kimya kirefu.

"Mum, hiyo ni kitu ya zamani sana."

"Sijakuuliza ni ya lini."

Ikatoka yote. Darasa la tano, fainali ilikuwa usiku na yeye hulazwa mapema, kaseti ilikuwa ndani ya deki pale baba aliiachia, ilikataa kurekodi, rafiki yake mkubwa akamfunza ya selotepu. Alibonyeza akaenda kulala. Asubuhi aliiangalia mara moja, akairudisha kwa kabati, akanyamaza mpaka Alhamisi hiyo.

Saa kumi na moja nilikuwa nimeunganisha vipande, nakopi kwa flashi mbili, moja ya mama na moja ya kuweka mbali na nyumba kama kuna shida. Nikamuuliza, "Mama, nikate hizo dakika thelathini na nane?"

"Usikate hata moja. Agosti tunaweka yote vile iko. Wakwe zake wamjue."

Na pesa akasema atalipa yeye mwenye mieleka. M-Pesa iliingia kabla mama hajashuka ngazi. Dakika tano baadaye kijana mwenyewe akanipigia, sauti ya chini kama mtu amejificha choo, "Sista, tafadhali, ukikata hiyo sehemu nakuongezea elfu moja."

Nikamwambia kaseti ni ya mama yake. Nikafunga deki kwa leso nikaenda stage.