Siku Tulipogawa Tangawizi ya Maua Tukuyu

Novemba 2016, mvua za Tukuyu zikiwa bado hazijakolea, mama mkubwa aliniita nimtazamie tangawizi yake ya maua meupe, Hedychium coronarium, ile inayonukia sana jioni. Ilikuwa imebaki kutoa majani tu. Yeye alishaamua ni njaa. Samadi ilikuwa tayari kwenye gunia.

"Mama, hiyo samadi isubiri. Tuangalie chini kwanza."

Tulipofyeka majani makavu, matunguu, yale mashina manene ya chini ya udongo, yalikuwa yamepandana, katikati hakuna jicho hai, yaani chipukizi, hata moja. Samadi ingezidisha majani tu. Shina la mmea huu huchanua mara moja, basi. Maua yajayo hutoka kwenye shina jipya, na shina jipya linataka nafasi.

Tulichimbia pembeni kwa jembe uma, sentimita 20 kutoka mashina ya mwisho, maana jembe la kawaida hukatakata matunguu ovyo. Kichaka kikalegea, tukakinyanyua na kukung'uta udongo. Kisu nilikipitisha motoni kila mara, kwa kuwa mnyauko wa bakteria huhamia kwenye mmea mwingine kupitia kisu. Kila kipande kilibaki na macho mawili au matatu, yaliyovimba na kuwa na wekundu kwa mbali. Tunguu zima ukilikata ni jeupe na gumu. Yaliyokuwa ya kahawia na teketeke tuliyatenga. Vipande vikalala kivulini mpaka kesho yake, majeraha yakauke.

"Mbona unayafukia juu juu hivyo, mwanangu? Si yatakauka?"

Hapa ndipo panapoharibu wengi. Tukuyu mvua ni ya miezi, na tunguu lililozama sana huoza kabla halijachipua. Tuliyalaza ubavu, macho yakitazama juu, udongo wa sentimita tatu hivi, nafasi ya sentimita 60, halafu majani makavu ya migomba. Samadi iliyooza vizuri ilichanganywa kwenye udongo wa chini.

Mabaki tuliyaanika juu ya bati mpaka yakakauka kabisa. Kipande chenye jicho kikitupwa kando ya mto huota na kuvamia kingo zote.

Alitamani pia ile nyekundu, Alpinia purpurata, aiagize Kyela. Nilimwambia aiache huko huko kwenye joto. Baridi ya Juni na Julai huku juu ingeidumaza.

Msimu uliofuata upande unaopata jua la asubuhi ulichanua vizuri. Yaliyokuwa chini ya mparachichi yalirefuka bila ua, tukapunguza matawi ya chini ya mti.